Kwa nini donda ndugu halifungi hata ukiliosha kila siku

Wiki iliyopita mama mmoja alimleta baba yake kwenye chumba chetu cha kufungia vidonda. Mzee ana kisukari, na kidonda cha chini ya kidole gumba cha mguu kilikuwa kimeingia mwezi wa nne. "Nesi, tunaosha asubuhi na jioni, tumemwagia mpaka unga wa kapsuli. Mbona hakifungi?" Nilipofungua bandeji nikaona kingo zimekakamaa kwa sugu, katikati kuna utando wa njano, na nyama nyekundu ni ya kutafuta.

Swali hilo tunaulizwa karibu kila siku. Jibu lake liko kwenye protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari.

Ukijikata, chembe sahani za damu huziba mshipa na hapohapo kumwaga protini za kuita msaada. Baada ya saa chache hufika nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, kupambana na vijidudu. Ndani ya siku mbili tatu zinakuja makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki, na hizi ndizo ningependa uzifahamu vizuri. Mwanzoni makrofaji hutoa protini ziitwazo saitokini, kama TNF na interlukini-1, na kidonda kinapata joto, kinavimba, kinauma. Uvimbe wa siku hizo za mwanzo ni kinga ikiwa kazini. Kisha makrofaji huzila nyutrofili zilizokufa, na mlo huo ni mojawapo ya mambo yanayozigeuza tabia: zinapunguza protini za vita, zinaanza kutoa TGF-beta na nyingine za ujenzi. Fibroblasti, seli zinazojenga nyama mpya, zikipata habari hiyo husuka kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoishikilia nyama hiyo, mishipa midogo inachipua, na wewe unaona nyama nyekundu yenye vipunjepunje. Ngozi nayo inatambaa kutoka pembeni.

Kwa mwenye kisukari, mgeuko huo huchelewa sana. Sukari iliyopanda, nyama iliyokufa, bakteria waliojifunika utando, mguu unaokanyagia palepale kila siku: yote hayo yanaziambia makrofaji kwamba vita havijaisha. Nyutrofili zinaendelea kumiminika na kumwaga vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni mpya, pamoja na zile protini za ujenzi zenyewe. Ni fundi anapanga tofali huku mwenzake nyuma yake anazibomoa. Kuongeza dawa juu ya hali hiyo hakusaidii.

Kwa hiyo sisi tunaanza kwa kuondoa kinachochochea vita. Tunaosha kwa maji ya chumvi ya hospitali, tunakwangua sugu na nyama iliyokufa, tunafunika kwa bandeji inayotunza unyevu, na tunapanga jinsi ya kuupunguzia mguu uzito. Naomba tuachane na ushauri wa "acha kipate hewa kikauke". Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa Uingereza alionyesha kwa nguruwe kwamba vidonda vilivyofunikwa vikabaki na unyevu viliota ngozi kwa kasi ya karibu mara mbili ya vilivyoachwa wazi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi nazo huua zile seli changa tunazozisubiri. Unga wa kapsuli hugandamana juu ya kidonda na kuwazoesha bakteria dawa.

Kabla ya kufunga kidonda chochote cha mguu tunapapasa mapigo ya mishipa. Mguu usio na mapigo, uliogeuka mweusi, wenye wekundu unaopanda au mgonjwa mwenye homa, tunampa rufaa ya hospitali siku hiyohiyo.

Ukimleta mgonjwa wako, njoo na daftari la vipimo vya sukari na kiatu anachovaa kila siku. Kwenye kiatu cha mzee yule tulikuta soli ya ndani imekunjamana palepale penye kidonda. Kwa ganzi ya miguu aliyonayo, hakuwahi kuisikia.