Simulizi za kubambikiwa mauaji zianze na ratiba ya muuaji

Mhariri,

Simulizi za mtu aliyebambikiwa kesi ya mauaji zina wasomaji wengi, na nyingi huanza kwa kishindo. Kufikia sehemu ya nne au ya tano zinaanza kuvuja, kwa kuwa mwandishi alizifikiria mbio za mtuhumiwa lakini hakuifikiria kazi ya aliyembambikia. Nawasihi waandishi wetu waandike kwanza siku nzima ya muuaji, saa kwa saa, kabla ya kugusa sentensi ya kwanza. Kisu kilichukuliwa lini, na nani alikiona kikiwa hakipo? Muuaji alijuaje kwamba usiku ule mtuhumiwa angekuwa peke yake, bila shahidi? Msomaji hataiona ratiba hiyo, lakini pengo lake ataliona.

Wengi huteleza kwenye saa ya kifo. Daktari anainama kidogo tu, kisha anatangaza kwamba marehemu alikufa saa 4:20 usiku. Hakuna daktari awezaye hivyo. Mwili hupoa kwa kadiri ya nyuzi 1 ya Selsiasi kwa saa, na kasi hiyo hubadilika kwa unene wa mtu, nguo, upepo, hata sakafu aliyolalia. Kukakamaa huanza kuonekana baada ya saa 2 hadi 6, hukamilika kwenye saa 12 hivi, kisha hulegea taratibu. Kwa hiyo jibu la kweli ni kipindi cha saa kadhaa, na humo ndimo msisimko ulimo: mtuhumiwa ana shahidi wa mwanzo wa kipindi hicho, hana wa mwisho wake.

Muuaji mjanja atawasha kiyoyozi hadi mwisho ili ionekane kifo kilitokea mapema. Lakini baridi, inayoharakisha kupoa, huchelewesha kukakamaa. Joto la mwili linasema marehemu amekufa zamani, viungo vinasema amekufa muda mfupi tu uliopita, na mpelelezi makini atauliza nani alikishika kidhibiti cha kile kiyoyozi. Hapo fumbo limefumuka bila muuaji kukiri chochote huku ameshika bastola, mwisho ambao umetuchosha.

Alama za vidole nazo hutumiwa vibaya. Hakuna njia ya uhakika ya kujua alama iliachwa siku gani, kwa hiyo mtego mzuri ni glasi aliyoinywea mtuhumiwa siku tatu nyuma, ikahifadhiwa, ikaletwa eneo la tukio. Kinachoweza kujulikana wakati mwingine ni mfuatano: alama iliyofunikwa na damu ilitangulia damu. Vivyo hivyo simu. Mnara huonyesha eneo, hauonyeshi nyumba wala nani aliishika.

Vinasaba ndivyo vinavyoaminiwa kupita kiasi. Mwaka 2012 huko California, Marekani, mtu alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu vinasaba vyake vilikutwa kwenye kucha za marehemu. Usiku ule yeye alikuwa hospitali, amelewa chakari. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliompeleka huko ndio walioitwa baadaye kwa marehemu, wakahamisha vinasaba bila kujua. Alikaa mahabusu miezi kadhaa, na hapakuwa na mtu aliyekusudia kumbambikia. Mwandishi mwenye muuaji anayekusudia ana nafasi kubwa zaidi ya kutushika.

Kasi haipotei kwa mambo haya yakiwekwa mapema. Kiyoyozi kitajwe sehemu ya kwanza, katikati ya vurugu, askari akivuta koti kwa baridi. Kikitajwa kwa mara ya kwanza mwishoni, msomaji ameibiwa.

Mhariri, ukiletewa simulizi ya aina hii, omba na ile ratiba ya muuaji kabla hujachapa sehemu ya kwanza.

Msomaji wa simulizi za upelelezi