Ndege haioni dhahabu chini ya mihogo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wachimbaji wadogo wenzangu wa Geita kuhusu hizi ramani za rangi zinazouzwa huku eti ni "picha za ndege zinazoonyesha dhahabu".

Nimefanya kazi ya jiolojia mpaka nikastaafu, na sasa nina hisa kwenye duara moja (shimo la kuchimbia dhahabu) pale Nyarugusu. Juzi kijana mmoja kaniletea ramani aliyouziwa. Ina madoa mekundu juu ya shamba la mihogo, na maelezo kwamba kila doa ni dhahabu, ndege "imepiga" hadi mita 60 chini. Hela aliyotoa ingemtosha kununua pampu ya kutolea maji duarani.

Kifaa cha kupiga picha za namna hiyo kutoka kwenye ndege kipo kweli. Wamarekani wanacho kiitwacho AVIRIS, kilichoanza kuruka miaka ya 1980. Kinapokea mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini na kuuchambua katika mafungu 224, mengi yakiwa ya mwanga usioonekana kwa macho. Kila aina ya madini ya udongo humeza mwanga kwa namna yake. Kaolini, ule udongo mweupe, hutambulika kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 2,200, usioonekana kwa macho. Kule Cuprite, jangwa la Nevada, kimechora kaolini na madini mengine yaitwayo aluniti vizuri sana.

Lakini Cuprite ni mwamba mtupu. Mwanga wa jua hauzami ardhini, kwa hiyo kifaa huona kilicho juu tu, na kwetu kilicho juu ni majani ya mihogo. Tena dhahabu yetu ni gramu chache ndani ya tani nzima ya mwamba, wakati nukta moja ya picha, ndege ya ER-2 inayokibeba kifaa hicho ikiwa kilomita 20 angani, hufunika mita 20 kwa 20. Utaionea wapi? Mtaalamu wa kweli hutafuta miamba iliyogeuzwa na maji moto ya zamani, kisha anashika nyundo na kwenda kuchukua sampuli.

Ndege zinazopima sumaku na mionzi ya miamba ni habari nyingine. Takwimu za aina hiyo ziko GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma.

Ukiletewa ramani, uliza: ni kifaa gani, ndege iliruka lini, sampuli zilipimwa maabara ipi? Yule kijana alimpigia muuzaji mbele yangu akamuuliza hayo matatu. Akajibiwa ni siri ya kampuni, kisha simu ikakatwa.

Mjiolojia mstaafu,
Geita