Barua kwa Somo Yangu, Kabla Mwezi Haujaandama

Mwembetanga, Unguja
Shaabani 1447

Somo yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto na baba watoto. Huku sote hatujambo, ila jua la kaskazi limetushika. Mchana huwezi kukanyaga uwanja bila viatu. Mama anakusalimu sana, na kila siku ananiuliza kama umeacha kutia sukari kwenye chai.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu utanikatiza, na haya nataka uyasome yote mpaka mwisho. Ujumbe wako wa juzi nimeurudia mara tatu. Umeandika kwamba daktari kakukataza, lakini mwaka huu utafunga hata iweje, kwa sababu Ramadhani bila saumu wewe ni nani? Hayo maneno ya mwisho yameniuma, maana namjua aliyekutia moyo wa kuyasema. Ni mimi.

Mwaka jana, siku ya tatu ya mfungo, ulinipigia ukaniambia unafunga na huku unajidunga insulini. Badala ya kukuuliza sukari yako inasoma ngapi, nikakusifu. Nikasema, "Hiyo ndiyo imani, somo." Siku ya kumi na moja ukaanguka jikoni mwiko ukiwa mkononi, sukari imeshuka, watoto wanapiga kelele, majirani wakakubeba. Ukalala hospitali siku nne. Tangu siku ile nimekuletea pole na nimekuletea matunda, lakini sijakuomba radhi. Sasa ni Shaabani, watu wanatakana radhi kabla ya mwezi kuandama, nami nataka yako. Nisamehe, somo. Nilikusemesha kwa jina la dini jambo ambalo dini haikulisema.

Baada ya kutoka hospitali kukuona nilirudi kwenye aya za saumu, zile tulizozihifadhi chuoni tukiwa watoto tukazipita mbio kama mtu anayekimbilia kwao kabla ya mvua. Ziko katika Sura al-Baqara. Aya ya 183 inasema tumeandikiwa kufunga kama walivyoandikiwa waliokuwa kabla yetu, ili tupate ucha Mungu. Hapo tulipokuwa tukisimama ndipo nilipoanza kusoma. Aya inayofuata tu, ya 184, kabla hata jina la mwezi halijatajwa, mgonjwa na msafiri wameshapewa ruhusa ya kula, na fidia ya kumlisha maskini imeshatajwa. Ramadhani yenyewe inakuja katika aya ya 185, na ni mwezi pekee uliotajwa kwa jina ndani ya Qur'ani yote. Na lililotangulia kusemwa juu yake ni kwamba humo ndimo ilimoteremshwa Qur'ani iwe uongofu kwa watu. Kisha inakuja amri ya kufunga, na hapo hapo, mara ya pili, mgonjwa na msafiri wanatajwa tena, na kufuatishiwa kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi wala hatutakii uzito.

Umeona hapo, somo? Ametajwa mara mbili, aya mbili mfululizo. Wewe unajiona umesimama nje ya Ramadhani unachungulia dirishani, kumbe umo ndani ya aya zile zile zilizoifaradhisha.

Sasa nikupe kisa kimoja, maana najua utasema ruhusa ni ruhusa, lakini mwenye imani thabiti huiacha. Mwaka wa 8 wa Hijra Mtume (s.a.w.) alitoka Madina katika mwezi wa Ramadhani kwenda Makka, mwaka wa ufunguzi, yaani Waislamu walipouingia mji huo na kuutwaa. Alikuwa amefunga na watu wamefunga naye, mpaka wakafika mahali paitwapo Kuraa al-Ghamim. Akaambiwa kwamba watu saumu imewawia nzito, nao wanamtazama yeye atafanya nini. Ilikuwa baada ya alasiri, umebakia muda mchache tu jua lizame. Akaagiza bilauri ya maji, akainyanyua juu mpaka watu wote wakaiona, kisha akanywa. Baadaye akaletewa habari kwamba wako waliokataa kufungua, wameendelea na saumu zao. Unajua aliwaitaje? Hakuwaita mashujaa. Alisema hao ndio waasi, akalikariri neno hilo. Kisa hiki kakisimulia Jabir bin Abdillahi, kimo katika Sahih Muslim.

Mimi hukaa nikalifikiri lile bilauri. Angeweza kunywa ndani ya hema. Angeweza kusubiri, magharibi haikuwa mbali. Lakini aliinyanyua ili asibaki mtu hata mmoja atakayekula kwa aibu. Nawe unaniandikia kwamba mwaka jana, baada ya hospitali, ulikuwa ukinywa dawa chooni na kula ndizi umejifungia chumbani, watoto wasije wakasema mama kobe. Tulipokuwa wadogo tuliwaimbia makobe mtaa mzima, nakumbuka, na wimbo ule bado umo masikioni mwako. Lakini kobe tuliyemuimbia ni mzima anayekula kwa kumkaidi Mola wake. Wewe unakula kwa kumtii. Hayo si mamoja hata kidogo, na watoto wako wana umri wa kuyaelewa. Wakalishe chini jioni moja uwasimulie kisa cha bilauri. Wakutazame ukinywa dawa mchana, wajifunze kuwa Mungu wanayemfungia ni Mungu mwenye huruma. Usipowafundisha hili wewe, watakuja kufunga wenyewe na magonjwa yao siku moja, na hutakuwapo kuwakataza.

Kuna hadithi nyingine kaisimulia Anas bin Malik. Walikuwa safarini na Mtume siku ya joto kali, baadhi yao wamefunga, wengine wanakula. Kivuli kilikuwa adimu. Aliyekuwa na nguo ndiye aliyebahatika, wengine walijikinga jua kwa mikono yao. Walipotua, waliofunga wakaanguka kwa uchovu. Wale waliokula ndio waliosimama, wakapiga mahema na kuwanywesha wanyama maji. Mtume akasema kwamba leo waliokula wameondoka na thawabu. Nikiisoma hadithi hii nakuona wewe jikoni kwako Temeke, una nguvu za kusimama, unakoroga uji wa pilipili manga na kukuna nazi kwa ajili ya watu saba waliofunga. Anayemfuturisha aliyefunga hupata ujira kama wake, na wa mwenziwe haupungui kitu. Basi hesabu mwenyewe, siku thelathini, watu saba.

Na huyo Anas, aliyeyaona hayo kijana, Mungu alimpa umri mrefu mpaka akashindwa kufunga. Unajua alifanya nini? Hakujilazimisha, ingawa alikuwa sahaba aliyemtumikia Mtume nyumbani kwake miaka kumi. Alikula, na kila siku akamlisha maskini mkate na nyama, mwaka mmoja au miwili. Kama Anas alistahi kukataa ruhusa ya Mola wake, sisi wa Mwembetanga tuna lipi la kuongeza?

Nadhani kinachokusumbua zaidi ni kwamba saumu ndiyo ibada uliyoipenda kuliko zote. Najua. Wewe hukuwa mtu wa kukaa kitako na uradi, lakini kufunga ulikuwa bingwa. Ile Ramadhani yetu ya kwanza kamili, mwisho wa Februari 1993, tuna miaka minane, kaskazi kama hii, mimi nilizama kwenye mtungi wa chuoni nikanywa kata nzima ya maji. Uliniona. Hukuninyoshea kidole wala hukumwambia mwalimu. Ulinifutia maji kidevuni kwa ncha ya ushungi wako, tukarudi msahafuni. Mpaka leo sijui wewe ulikuwa na kiu kiasi gani siku ile.

Wanavyuoni wanasema ibada nyingine zote mtu huonekana akizifanya: kusali utaonekana, kutoa zaka utaonekana, kuhiji utasindikizwa na kupokewa. Saumu peke yake haina sura. Mwenye kufunga na mwenye kula wakikaa kibarazani pamoja huwezi kuwatenganisha. Ndiyo maana katika hadithi kudsi Mwenyezi Mungu anasema kila amali ya mwanadamu ni yake mwenyewe isipokuwa saumu, hiyo ni Yangu na Mimi ndiye nitakayeilipa. Nikaona, ikiwa saumu ni siri ya mja na Mola wake, basi na kula kwako mchana wa Ramadhani, na sindano mkononi, na moyo unaotamani kufunga, ni siri ya namna hiyo hiyo. Yeye anajua kilichokuzuia. Na kuna hadithi katika Bukhari, kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na mkaazi. Miaka yote ile uliyofunga haikupotea, bado inakuandikia.

Halafu nimekaa nikapiga hesabu, nikafurahi peke yangu. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na huchukua miaka kama thelathini na mitatu kuzunguka misimu yote. Mwaka huu inatazamiwa kuandama katikati ya Februari. Somo, imerudi pale pale tulipoanzia! Ulifunga kwenye kaskazi, ukafunga kwenye vuli, ukafunga kwenye baridi ya kipupwe unatetemeka kwa daku, ukafunga masika mvua imeingia ndani. Hakuna msimu wa mwaka ambao hukumfungia Mola wako. Umemaliza mzunguko mzima, na ndipo ukaambiwa sasa kula.

Nisikwambie uongo kwamba haitauma. Itauma. Adhana ya magharibi ikilia, wenzio wakanyoosha mikono kwenye tende, nawe umeshakula mchana, utahisi kama mgeni mezani kwako. Kaa nao hivyo hivyo. Omba dua pamoja nao. Na lile fungu la siku lililokuwa la njaa lipe kazi nyingine. Kila mwaka tulikuwa tukisema tutahitimu Qur'ani kisha tunaishia juzuu ya kumi na mbili, tumechoka, tunasinzia baada ya alasiri. Mwaka huu huna uchovu huo. Jibrili alikuwa akimjia Mtume kila Ramadhani wakidurusu Qur'ani pamoja, na mwaka wake wa mwisho walidurusu mara mbili. Juzuu moja kwa siku, somo. Mimi nitaisoma huku baada ya alfajiri, wewe huko, na usiku kila mmoja amtumie mwenziwe neno kamaliza wapi. Na kumi la mwisho tusilale. Laylatul Qadri haikufungiwa mlango mwenye kisukari.

Na ulimi, unajua zaidi yangu. Yule asiyeacha maneno ya uongo, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula. Maana yake iko saumu ambayo sindano haiigusi, na hiyo daktari hakukukataza.

Kuhusu fidia, nimemuuliza shekhe wetu hapa msikitini. Ugonjwa unaotarajiwa kupona, mtu hula kisha hulipa siku zake akipata afya. Wako, alivyokueleza daktari kwamba ni wa kudumu, ni fidia: kwa madhehebu yetu ya Shafi ni kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku, apewe maskini. Vibaba vinne ndiyo pishi, kwa hiyo mwezi mzima ni pishi saba na nusu ukitimia thelathini. Wanaopima kwa mizani na kupenda tahadhari husema robo tatu ya kilo kwa siku. Lakini nenda na cheti cha daktari kwa shekhe wa huko kwenu umsikilize naye, na kabla ya hapo rudi kliniki wakupangie sindano na milo ya mwezi huu, kwa sababu saa za nyumba nzima zitageuka na hutaki kujikuta unakula daku na watoto kisha unachanganya dozi. Nenda mapema, wiki hii.

Nimekufungia kikapu. Ndani mna tende, tambi, pilipili manga ya shambani na ubani. Chini kabisa, kimevikwa kanga, mna kibaba cha bibi, kile cha bati chenye mpini uliolegea. Mama alisita kukitoa, kisha akasema kiende, kimekaa kabatini bure tangu bibi afe. Pima mchele wa fidia kwa hicho, na ukipima, usikifute kwa kiganja juu. Bibi alikuwa akikijaza mpaka kichuguu.

Kikapu kitakuja na boti ya mchana Jumanne. Mwagize mwanao mkubwa aende bandarini akipokee, na mwambie kisipinduliwe.

Wasalimie wote. Nijibu kama umenisamehe.

Ni mimi somo yako