YAH: MADAI YA KUREJESHEWA NAULI YA GARI LA WAYA, SAFARI YA KURANDA, AUSTRALIA

Kwa Meneja,
Kampuni ya Wakala wa Safari,
Mjini Unguja.

Assalaam alaykum,

Nakuandikia kuhusu safari ya siku moja kutoka mji wa Cairns hadi kijiji cha Kuranda kilichoko mlimani, ambayo kampuni yenu ilituuzia mimi na mama yangu mzazi tulipokuwa tukijitayarisha kwenda kumzuru ndugu yetu anayeishi Australia. Ratiba mliyotupa, ambayo nakala yake nimeiambatanisha pamoja na risiti, inasema wazi kuwa tungepanda mlimani kwa treni na kuteremka kwa gari la waya, yaani kibanda cha abiria kinachoning'inia kwenye waya juu ya msitu, na bei tuliyolipa ilikuwa ya vyote viwili.

Treni sina la kuilalamikia. Reli ile, iliyochongwa milimani kwa sururu na baruti na kufika Kuranda mwaka 1891, inapita katika mahandaki 15, na kwenye Maporomoko ya Barron abiria walipewa muda wa kushuka na kutazama. Mama, ambaye ni mtu wa Bububu, Unguja, na treni ya zamani ya kwao ameisikia kwa wazee tu, hakubanduka dirishani.

Tulipofika kituo cha gari la waya na kutoa vocha yenu, mhudumu aliigeuza mbele na nyuma, kisha akatuonesha kwa kidole mstari wa mwisho, ulioandikwa kuwa kurudi ni kwa basi. Nafasi zetu hazikuwahi kulipiwa. Kwa kuwa fedha tulizobeba hazikutosha kununua tiketi nyengine, tuliteremka kwa barabara, ilhali kilomita 7.5 za kupita juu ya vilele vya miti, pamoja na kushuka katika kituo cha Red Peak, ndizo zilizotufanya tuikatae safari ya bei nafuu mliyotuonesha mwanzo.

Ofisa wenu alinijibu kwa simu kuwa msitu ni ule ule, na tuliuona kwa treni. Jawabu hilo silikubali. Anayetosheka kuutazama msitu kutoka chini anao wa Jozani hapa hapa Unguja, wala hana haja ya kuvuka bahari.

Naomba mturejeshee nauli ya gari la waya ya watu wawili, na mnieleze kwa maandishi iwapo fedha hizo zilipelekwa Australia au zilibaki kwenu. Nisipopata jawabu ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Aidha, ratiba ile ile ingali mezani kwenu ikigawiwa wateja, naomba iondolewe.

Wasalaam,
Mteja wenu