Risala ya klabu ya kemia kwa mgeni rasmi, siku ya maonesho ya sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wageni waalikwa,

Karibu Singida, mkoa wa alizeti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mashine za kukamulia alizeti ulizozipita njiani zinafanya kazi nzuri, ila mashudu yake hubaki na mafuta. Viwanda vikubwa huyatoa kwa heksani, kimiminika cha jamii ya petroli kinachoshika moto upesi, na ambacho lazima kichemshwe hadi kiishe kwenye mafuta. Mwaka huu tumejifunza njia nyingine, ya kaboni dayoksaidi, gesi ile ile ya kwenye soda.

Ikipita nyuzi joto 31 na kugandamizwa zaidi ya mara 73 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, si gesi tena wala si kimiminika. Hupenya kwenye mbegu zilizosagwa kama gesi na kuyeyusha mafuta kama kimiminika. Mwanakemia Thomas Andrews aliieleza hali hiyo akiwa Belfast, Ireland, mwaka 1869. Karne moja baadaye Mjerumani Kurt Zosel akaitumia kuondoa kafeini kwenye kahawa. Kwa mbegu, mgandamizo hufikishwa mara 300 au zaidi. Ukishushwa, gesi inajitenga yenyewe na kurudishwa kazini, mafuta yanabaki bila harufu ya heksani.

Mheshimiwa, usiogope, hatuombi mtambo huo! Mitungi yake ni ghali mno, na kwa mafuta ya kupikia hesabu haikubali. Unafaa mafuta ya chupa ndogo na bei kubwa: ya habasoda, au ya mbegu za ubuyu yanayopakwa kwenye ngozi. Gesi yenyewe tunayo nchini. Huko Rungwe, Mbeya, inavunwa kutoka ardhini.

Tunachoomba ni kabati la kufyonza mvuke, kwani kwa kulikosa, jaribio la heksani tunalisoma vitabuni tu. Tunaomba pia miwani ya kinga na barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa. Ikifungiwa ndani ya neli ya plastiki pamoja na maganda ya chungwa na kuwekwa kwenye maji ya uvuguvugu, huwa kimiminika na kutoa mafuta ya maganda hayo. Neli huweza kufyatuka, ndiyo maana mwalimu wetu amekataa tuanze bila miwani.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa klabu ya kemia