Shetani wa kwenye picha hana kosa

Mhariri, asalaam alaykum. Kuna msomaji kalalamika humu gazetini kuwa yale mapicha ya mashetani yanayouzwa Mji Mkongwe ni kufuru na yaondoshwe madukani, mie nakubaliana nae nusu tu. Picha haijamkosea mtu, anayekosea ni yule anayeieleza.

Juzi napita zangu Hurumzi namkuta kijana muuzaji kashika moja, shetani ana jicho moja, masikio kama majani ya mgomba, na ulimi mrefuuu umemzunguka shingo mwenyewe anajinyonga nao. Mgeni akauliza huyu nani, kijana bila haya akamjibu ati ni mungu wa zamani wa Wazanzibari. Lahaula! Mashetani hao asili yao ni Wamakonde wa Mtwara na Msumbiji, walianza kuchongwa kwenye mpingo, baadae watu kama George Lilanga wakawatia kwenye rangi. Na huyu tena fumbo lake liko wazi, kanyongwa na ulimi wake, aliyewahi kuingia kwenye fitna za mtaani anamjua. Nani atamwabudu huyo?

Sisi vita vya nafsi na shetani tunavyo kwenye sanaa yetu toka zamani, ila mwizi hatumchori, tunachora kufuli. Tazama milango yetu ya kale, mingi miimo yake yote miwili imechongwa mnyororo, wazee wanasema ni wa kuzuia shari isipite, chini kuna samaki wa baraka, na baadhi ya milango kizingiti cha juu kina aya. Hata Beit al-Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu aliyojenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, milango yake ina aya za Qur'ani. Siku hizi watembeza watalii wakiona mnyororo tu, basi, hapa alikaa muuza watumwa! Mlango wa marehemu bibi yangu una mnyororo vilevile na yeye maisha yake yote kauza mandazi.

Wanaotoa vibali vya kutembeza wageni wawafunze hawa vijana maana za nakshi japo siku mbili tatu, picha waziache.

Yule kijana nilimngoja mgeni wake aondoke nikamwambia, mwanangu umemdanganya mtu. Akacheka, “Mzee, nikimwambia ni picha ya msengenyaji hanunui.”

Msomaji wenu,
Kikwajuni, Unguja