Hiyo shule imezaa nani?

Bukavu, Kadutu
14 Machi 2023

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi tu wazima. Mvua ndiyo inatutesa. Mteremko wa kuja parokiani umegeuka tope tupu, na tangu juma lililopita wanakwaya wanafika mazoezini viatu mkononi. Barua yako niliipata kwa yule mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, aliyeshuka na boti ya asubuhi. Nimeisoma mara tatu.

Unaniuliza umwache binti aende Kinshasa kusoma muziki pale INA, Taasisi ya Taifa ya Sanaa, au umwandikishe uuguzi hapo Goma kama shangazi zake wanavyotaka. Halafu umemalizia kwa swali ambalo limenikalia moyoni: hiyo shule imezaa nani? Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze kitu ambacho nadhani binti hakukusimulia.

Noeli iliyopita, alipokuja kutusalimu, mpiga kinanda wetu aliamka na homa. Kinanda chenyewe unakijua, fa ya katikati imekufa tangu mwaka juzi, ukiibonyeza unasikia mbao tu. Nikamwomba binti atusaidie. Wimbo wa kuingia ulikuwa wa do, yaani ngazi yake ilianzia do. Ubeti wa kwanza akaigonga ile fa, kimya. Nikamwona amekunja uso. Ubeti wa pili akaigonga tena, kimya. Kabla ya ubeti wa tatu akashika akodi mbili za kupandia, akauhamisha wimbo mzima kutoka do hadi re, huku kwaya inaimba. Umeelewa alichofanya? Ukiwa kwenye re, ile fa nyeupe huihitaji tena, unatumia nyeusi iliyo pembeni yake. Watu wakadhani ni pambo la Noeli. Wanawake wa soprano walihangaika kidogo na sauti ya juu, ila kanisa lote lilisimama. Baada ya misa nikamuuliza nani kamfundisha kuhamisha hivyo. Akanijibu, "Hakuna, baba mdogo. Nilisikia tu kwamba huko ile nota haitakuwa na kazi."

Ndugu yangu, mimi naongoza kwaya mwaka wa 22 sasa. Nilichokiona siku ile sijawahi kukiona kwa mtoto ambaye hakupita kwa mwalimu.

Sasa majina. Nianze na aliye wetu. Lokua Kanza alizaliwa hapa hapa Bukavu, mwaka 1958, kifungua mimba wa watoto wanane, baba Mmongo, mama kutoka Rwanda. Familia ilihamia Kinshasa mwaka 1964 akiwa bado mdogo. Muziki aliusoma huko, katika shule hiyo hiyo unayoiuliza, ambayo wazee bado wanaiita konservatuari kwa sababu ndivyo ilivyoanza miaka ya 1960. Na sikiliza kilichofuata, maana kinagusa hofu yako ya mtoto wa kike kuingia muziki: mwanzoni mwa miaka ya 1980 Lokua alipiga gitaa katika orkestra ya mwanamke, Abeti Masikini. Mwanamke huyo, mzaliwa wa Kisangani, alikuwa ameshaimba Olympia, ukumbi mashuhuri kule Paris, tangu 1973, na mwaka uliofuata ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Wanaume walisimama nyuma yake na gitaa zao, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi. Mwaka 1984 Lokua akaenda Ufaransa, na huko akakaa tena kwenye benchi la shule, safari hii ya jazi. Mtu mzima, mpigaji aliyekwisha kukomaa, anarudi kuwa mwanafunzi! Albamu yake ya kwanza ilitoka 1993. Ukimsikiliza utaona jinsi anavyoacha nafasi katikati ya maneno. Gitaa moja na sauti mbili tatu, na hakuna kitu kinachopungua. Ujasiri huo wa kupunguza, kwa masikio yangu, ni wa mtu aliyefundishwa kwanza kujaza.

Kwa upande wa walimu, napo Bukavu ipo. Mweze Ngangura alizaliwa hapa mwaka 1950, akasomea sinema Ubelgiji, kisha akarudi nchini miaka ya 1970 akafundisha pale INA. Ni yeye aliyemweka mwimbaji Papa Wemba kwenye filamu mwaka 1987, ile ya La Vie est belle aliyoitengeneza pamoja na Benoît Lamy. Mwaka 1999, kule Ouagadougou, filamu yake Pièces d'identités ikapata Étalon de Yennenga, tuzo kubwa kuliko zote za FESPACO, tamasha la filamu za Afrika. Mimi filamu sizijui sana, na hata hivyo jambo moja kwake linanigusa kuliko tuzo: alirudi, akashika chaki.

Na yupo Yoka Lye Mudaba, mwandishi, profesa, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa shule hiyo kwa miaka. Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO ilipoiandika rumba yetu kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, pande zote mbili za mto Kongo, yeye ndiye aliyeongoza kamati ya upande wa Kinshasa. Rumba ilichezwa vichochoroni na kwenye baa miaka na miaka. Ilihitaji pia watu wa kukaa na makaratasi, kueleza ilitoka wapi, inafundishwaje, nani anaibeba. Kazi hiyo haifanywi na mtu anayejua kucheza tu.

Utaniambia wapo waliofika bila shule. Ni kweli. Orkestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, pale Kinshasa ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, ambaye alikuwa rubani wa ndege. Walianza na vyombo vichache, watu wanapokezana violini moja, uzi ukikatika wanafunga waya wa breki ya baiskeli. Leo wanapiga Beethoven. Nawaheshimu mno. Lakini angalia walichofanya: walikaa pamoja, anayejua hatua moja akamfundisha asiyejua. Waliijenga shule kwa mikono yao kwa sababu hawakuwa nayo. Na yule kijana wa Katanga, Serge Kakudji, mwanaume mwenye sauti ya juu kabisa ya opera, ile wanayoiita kontratenori, alilazimika kwenda Ubelgiji kutafuta walimu wa sauti ya namna hiyo. Mwaka 2014 alikuwa katikati ya jukwaa katika Coup Fatal, onyesho la Mbelgiji Alain Platel, anaimba nyimbo za zamani za Ulaya, wapigaji wa Kinshasa wamemzunguka na likembe, kile kinanda kidogo cha vidole gumba, na gitaa.

Mimi sikuwa na orkestra ya namna hiyo, wala njia ya kwenda Ubelgiji. Unakumbuka mwaka tulipomaliza sekondari, nilikuwa na fomu mfukoni. Marehemu baba aliikunja mara nne akaiweka chini ya taa ya mafuta, akasema muziki si kazi. Sikumchukia, alikuwa na watoto tisa. Ila ufunguo wa fa, ile alama ya kusomea nota za sauti nzito, niliujifunza nikiwa na miaka 31, kwa karatasi za fotokopi zilizofifia, usiku, peke yangu, na makosa niliyojifundisha mwenyewe bado ninayo vidoleni. Kuna siku besi wangu wanaimba vibaya, nasikia kabisa kwamba ni vibaya, na sijui niwaambie nini. Sitaki binti afike miaka 50 anasikia kosa na hana neno la kulitaja.

Sikufichi pia upande wa pili. Kinshasa ni mbali, maisha ni ghali, minervali, yaani karo, ni ya kila mwaka na pesa ya chumba haingoji. Atalazimika kukijua Kilingala vizuri. Na wengi wanaotoka pale hawaimbi Olympia. Wanafundisha, wanaongoza kwaya, wanarekodi nyimbo za wenzao. Lakini nitajie walimu wa solfeji, wa kusoma na kuimba nota, unaowajua hapo Goma. Hapa Kadutu mimi nahesabu wawili, na mmoja wao ni mimi.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, mwache aende. Shangazi zake niachie mimi, nitawapigia simu Jumapili baada ya misa, na yule mkubwa nitamkumbusha nani alikuwa soprano wetu wa kwanza mwaka ule kabla hajaolewa. Kuhusu pesa, mke wangu na mimi tumekubaliana kuchangia nauli ya kwenda. Si kubwa, ila ipo, imeshawekwa pembeni. Kwa malazi, binamu yangu anakaa Lemba, huko Kinshasa, ana chumba kimoja cha nyuma, nimeshamwandikia.

Mbebaji wa barua hii anapanda boti ya usiku, kwa hiyo utaipata kesho asubuhi. Nimemfungia pia binti daftari langu la solfeji. Aanze na mazoezi ya ufunguo wa fa, ukurasa wa 12, na ayaimbe kwa sauti bila kugusa kinanda. Akikwama, anipigie.

Msalimie mama watoto. Mke wangu anasema asante kwa viazi.

Ni mimi ndugu yako,
wa benchi la tenori